Vigasha kwanza, viganja baadaye: mikono inavyokaa kabla ya kupiga mpira wa gofu

Anayeanza gofu Arusha siku hizi ana walimu wengi kupita kiasi. Video moja kwenye simu inamwambia aoneshe vifundo vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto, inayofuata inasema viwili vinatosha. Kedi aliyembebea mfuko pale Gymkhana anamwambia, "Mzee, legeza mkono wa kulia." Rafiki aliyecheza Kili Golf kule Usa River anarudi na habari kwamba viganja lazima vitangulie mpira. Mwingine kutoka Moshi Club anasisitiza fimbo ishikwe kwa nguvu ndipo mpira uende mbali. Mwisho wa yote mtu anasimama mbele ya mpira akiwa na maagizo matano kichwani, anapiga, mpira unapinda kulia hadi mitini, na hapo hapo anapewa agizo la sita.

Karibu maagizo haya yote yanazungumzia viganja, na mengi yana ukweli ndani yake. Yanagongana kwa sababu yanaanzia katikati ya habari. Kiganja hakijiamulii kinakokaa. Kinabebwa na kigasha, na kigasha kinaning'inia kutoka begani. Ukielewa mikono yako inavyoning'inia, nusu ya mabishano ya mshiko inakwisha yenyewe.

Tuelewane kuhusu maneno kabla ya kuendelea. Kigasha ni sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Uso wa fimbo ni ule upande bapa unaogusa mpira. Mshiko ni namna viganja vilivyolizunguka raba la juu la fimbo. Mkao ni namna unavyosimama ukiwa tayari kupiga, kabla fimbo haijaanza kurudi nyuma. Nitamfuata mchezaji wa mkono wa kulia, ambaye bega lake la kushoto ndilo linaelekea shabaha. Anayetumia kushoto abadilishe pande.

Kwa nini kitu kidogo kama kiganja kilivyokaa kina uzito huu wote? Uso wa fimbo unagusana na mpira kwa takriban sekunde 0.0005. Hakuna binadamu anayeweza kurekebisha chochote ndani ya muda huo. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mpira huanza kuelekea kule fimbo inakopita, kisha hupinda kufuata uso wa fimbo. Mashine za rada zilipoingia kwenye mchezo miaka ya 2000 zilionesha mambo ni kinyume: uso wa fimbo ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira uanzie wapi, na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo ndiyo inayoupinda. Uso ukiwa wazi, yaani ukitazama kulia kwa shabaha, kwa nyuzi 2 tu, mpira wa mita 200 unatua kama mita 7 kulia kwa shabaha, hata kabla ya kuhesabu kupinda. Na kilichoshikamana na uso huo, kwa njia ya shafti (mti wa fimbo) na raba, ni viganja vyako viwili peke yake.

Ndoo ya maji

Nyanyua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwa mkono wa kushoto, usimame wima. Angalia mambo matatu. Kwanza, mshikio wa ndoo haukukaa katikati ya kiganja. Umeteremka wenyewe hadi kwenye vidole, pale vinapoanzia, kwa sababu hapo ndipo mkono unabeba bila kuchoka upesi. Pili, mkono umenyooka bila wewe kuukaza. Uzito ndio uliounyoosha. Tatu, kigasha kimejigeuza kikapata pozi lake. Kiganja hakitazami mbele wala hakijapindwa kutazama nyuma, kimeelekea paja, kikiwa kimeinamia ndani kidogo.

Sasa rudi kwenye fimbo. Kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, kina uzito wa takriban gramu 200. Kikizunguka kwa kilomita 145 kwa saa, mwendo ambao wachezaji wengi wa kawaida wanaufikia, hesabu ya fizikia inaonesha kwamba kinavuta mikono yako kwa nguvu sawa na kubeba kilo 20 au zaidi. Yaani wakati wa kugusa mpira umeshika ndoo iliyojaa, hata kama ulipoanza fimbo ilionekana nyepesi kama kijiti. Uzito huo unavuta kigasha cha kushoto kirudi kwenye pozi lake la asili, upende usipende.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Kama wakati wa mkao ulikipinda kiganja cha kushoto upande mmoja ili kifanane na picha uliyoiona, mvuto ule utakirudisha kilikozoea, na uso wa fimbo utageuka pamoja nacho. Ulikigeuza mno kuelekea shabaha, ukaona kifundo kimoja tu cha kidole? Kigasha kikirudi, uso unafunguka na mpira unakwenda kulia. Ulikigeuza mno kwenda kulia, ukaona vifundo vinne? Kigasha kikirudi, uso unafunga na mpira unachomoka kushoto. Ukikishika pale kilipokuwa kinaning'inia, hakuna cha kurudi. Uso unafika ulivyopangwa.

Ndiyo maana hesabu ya vifundo haiwezi kuwa moja kwa watu wote. Kwa wengi inaangukia kati ya viwili na vitatu, kwa kuwa mikono ya wengi inaning'inia hivyo. Lakini simama mbele ya kioo mikono ikiwa imelegea, kisha mwite ndugu yako asimame kando yako. Utaona tofauti. Mwenye mabega yaliyoingia mbele viganja vyake hutazama nyuma zaidi, naye huonesha vifundo vingi. Mwenye mgongo ulionyooka sana huonesha vichache. Wote wawili wako sawa.

Na historia ya mchezo inaliunga mkono hilo. Paul Azinger alishinda PGA Championship, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu, mwaka 1993 akiwa amegeuza kiganja cha kushoto kulia sana, kiasi ambacho mwalimu wa kawaida angemkataza mwanafunzi. José María Olazábal alishinda Masters, jingine kati ya hayo manne, mara mbili, 1994 na 1999, akiwa na mshiko uliogeuzwa upande wa kushoto. Ben Hogan alisumbuliwa kwa miaka na mpira unaopinda kushoto, akatulia baada ya kupunguza vifundo alivyokuwa akiviona kwenye mkono wa kushoto pamoja na marekebisho mengine. Hao ni watu waliopiga mipira maelfu kwa maelfu hadi miili yao ikajenga swingi (mzunguko mzima wa kupiga) inayokubaliana na mshiko wao. Mtu anayecheza Jumamosi na Jumapili hana muda huo, kwa hiyo njia fupi kwake ni kuanza na pozi ambalo mkono wake tayari unalo.

Unashikaje, basi? Simama wima, mkono wa kushoto uachie kando, ukiwa umelegea kabisa. Kwa mkono wa kulia lete raba la fimbo kwenye vidole vya kushoto, hapo hapo kando ya paja, uso wa fimbo ukiwa umenyooka. Raba lipite kimshazari, kutoka kiungo cha kati cha kidole cha shahada hadi chini kidogo ya ile nyama nene iliyo upande wa kidole cha mwisho. Funga vidole, nyama ile ikae juu ya raba. Ndipo ulete fimbo mbele ya mwili. Wengi hufanya kinyume: wanaweka fimbo chini nyuma ya mpira kwanza, kisha wanainyooshea mkono kama mtu anayefikia kitu juu ya kabati. Mkono uliojinyoosha hivyo umeshapoteza pozi lake, na kila kifundo utakachohesabu hapo ni cha uongo.

Kugeuza kiganja na kugeuza kigasha

Katika mada hii yote, hapa ndipo nadhani watu wengi wanapopotea, tena hata wale ambao wamecheza kwa miaka.

Weka kiwiko mezani, kigasha kikiwa wima, kisha geuza kiganja kikutazame halafu kitazame mbali nawe. Kiwiko hakikuondoka. Kifundo cha mkono nacho hakikufanya kazi kubwa. Kilichogeuka ni kigasha: kina mifupa miwili, na mmoja unazunguka juu ya mwenzake. Kwa hiyo unapomwambia mtu "geuza mkono kulia kidogo", ana njia mbili za kukutii. Anaweza kufungua vidole, akakihamisha kiganja juu ya raba, akafunga tena, huku uso wa fimbo ukibaki palepale. Huko ndiko kubadili mshiko. Au anaweza kubaki ameng'ang'ania raba vilevile, akazungusha kigasha kizima. Hapo vifundo vinaonekana, naye anaridhika, ila uso wa fimbo umezunguka pamoja na kigasha na sasa unatazama kulia. Akigundua, anaurudisha unyooke, na mshiko unarudi ulivyokuwa mwanzo. Hajabadilisha kitu, isipokuwa ameongeza mkazo.

Kuna na njia ya tatu, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani upesi. Mtu anasukuma kiwiko cha kushoto kiende nje, kielekee shabaha, au anainamisha kichwa kushoto. Kwa vyovyote vile ataona vifundo vingi zaidi akitazama chini, wakati kiganja chake hakijahama hata kidogo juu ya raba. Ndiyo maana wawili wanaweza kuapa kwamba wana "vifundo viwili na nusu" na mipira yao ikaelekea pande tofauti kabisa.

Dawa yake ni ndogo. Kila unapobadili mshiko, nyanyua fimbo usawa wa kiuno, vidole vikiwa vimefunguka, hakikisha ukingo wa chini wa uso umesimama wima, ndipo ufunge vidole. Kisha tazama kiwiko cha kushoto: ncha yake ielekee upande wa nyonga ya kushoto. Ikitazama shabaha, vifundo ulivyohesabu havina maana.

Mkono wa kulia

Fimbo inashikwa kiganja cha kulia kikiwa chini ya cha kushoto. Ni jambo la wazi hadi watu husahau matokeo yake: mikono miwili yenye urefu sawa, mmoja unatakiwa ufike chini zaidi ya mwenzake. Tofauti hiyo lazima itoke mahali. Ama bega la kulia linashuka kidogo na kiwiko cha kulia kinalegea, ama bega la kulia linasogea mbele na kigasha cha kulia kinapanda juu ya cha kushoto.

Mwili unapenda hilo la pili, hasa kwa mtu anayetegemea mkono wake wa kulia kwa kazi zote. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Bega la kulia likisogea mbele, mstari wa mabega unaelekea kushoto kwa shabaha. Fimbo hufuata mabega, kwa hiyo inakata kutoka nje kuingia ndani, na uso ulio wazi hata kidogo tu unaupinda mpira kulia. Mchezaji anaona mpira umekwenda kulia, safari inayofuata analenga kushoto zaidi, mabega yanazidi kufunguka, na mpira unazidi kupinda. Ukienda kwenye eneo lolote la mazoezi, Arusha au Moshi, utaona watu wakizunguka ndani ya duara hili saa nzima, huku wakibadilisha mshiko wa mkono wa kushoto ambao pengine haukuwa na kosa.

Yule kedi aliyesema "legeza mkono wa kulia" alikuwa ameona kitu cha kweli. Makedi wetu hutazama mikao mingi kwa siku moja, na macho yao yanastahili kuheshimiwa. Kilichobaki ni kujua ulegeze nini. Lengo ni kiwiko. Kilainike, ncha yake itazame nyonga ya kulia, na kigasha kikae sawa na cha kushoto au chini yake kidogo. Kiganja cha kulia kilete kutoka ubavuni na chini, kama kinachokuja kupokea, kisha mfereji ulio chini ya kidole gumba ukifunike kidole gumba cha kushoto. Ile herufi V inayojitokeza kati ya gumba na kidole cha shahada ielekee mahali fulani kati ya kidevu na bega la kulia, na V ya mkono wa kushoto ielekee hukohuko.

Kupima ni rahisi ukiwa na mwenzako. Simama kwenye mkao, yeye alaze fimbo nyingine juu ya vigasha vyako viwili. Fimbo hiyo inatakiwa ielekee sambamba na mstari wa shabaha. Ikielekea kushoto, kigasha cha kulia kiko juu. Kama uko peke yako, weka simu nyuma yako, upande wa mbali na shabaha, kwenye usawa wa viganja. Kwenye picha kigasha cha kushoto kionekane kidogo juu ya cha kulia. Kikiwa kimefichwa chote, umeshajua tatizo liko wapi.

Juu, chini, mbele, nyuma

Ukiinama kutoka kwenye nyonga na kuiacha mikono ianguke, viganja vitajikuta chini ya mabega au kidevu. Kwa fimbo za chuma, kati ya ncha ya raba na mapaja pabaki nafasi kama ya upana wa kiganja, na kwa draiva pabaki zaidi. Viganja vikishushwa sana, ncha ya mbele ya fimbo inanyanyuka na uso unatazama kushoto. Vikinyanyuliwa sana, kisigino cha fimbo, upande ulio karibu na shafti, kinanyanyuka na uso unatazama kulia. Bryson DeChambeau, mshindi wa US Open 2020 na 2024, ananyanyua viganja hadi kigasha na shafti vinakaribia kuwa mstari mmoja, lakini fimbo zake zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Wengi wetu tunacheza na fimbo za kurithi au za mtumba, na kama ni ndefu au fupi kwa kimo chako, urefu huo ndio utakaovipandisha au kuvishusha viganja. Pima kwanza fimbo kabla ya kuulaumu mkono.

Kuhusu viganja kutangulia mpira, watu wanachanganya picha mbili. Picha ya mchezaji mkubwa wakati wa kugusa mpira kwa fimbo ya chuma inaonesha viganja vimetangulia waziwazi. Hiyo ni zao la mwili uliokwisha kuzunguka, na haikusudiwi iigwe wakati wa mkao. Kwenye mkao wa fimbo ya chuma inatosha ncha ya raba ielekee upande wa ndani wa paja la kushoto. Kwa draiva, mpira ukiwa mbele ya kisigino cha kushoto, viganja vinakaribia usawa wa mpira. Ukisukuma viganja mbele kupita hapo unapunguza mlalo wa uso, yaani namna ulivyoegemea nyuma: fimbo ya chuma namba 7 yenye mlalo wa nyuzi kama 32 ikilazwa mbele nyuzi 8 inageuka kuwa kitu kama namba 5, ukingo wake unachimba udongo, na kigasha cha kulia kinanyooka na kupanda juu, yaani unalirudisha lile tatizo la mabega.

Nguvu ya vidole

Huenda hakuna ushauri ulioenea kuliko kubana. Unachanganywa zaidi na jina, kwa kuwa makocha huuita mshiko uliogeuzwa kulia "mshiko wa nguvu", na mtu akisikia hivyo anakaza vidole. Kubana hakuongezi umbali. Misuli inayofunga vidole iko kwenye kigasha, kwa hiyo ukibana sana unakikaza kigasha chote, kinashindwa kuzunguka, na kichwa cha fimbo kinapoteza mwendo. Kama ilivyo kwa ndoo, vidole vinafunga kiasi cha kuzuia isiponyoke. Vile vitatu vya mwisho vya kushoto ndivyo vinavyobeba kazi kubwa.

Vivyo hivyo kwa mkono wa kushoto ulionyooka. Wanaosema ubaki umenyooka wakati wa swingi wana haki, lakini mvuto wa kichwa cha fimbo ndio utakaounyoosha. Ukiukaza kama nondo kwenye mkao, bega linapanda na kigasha kinapoteza pozi lake.

Mara nyingine anayebana hana kosa. Raba ndilo limechakaa. Raba lililokauka na kung'aa linateleza, hasa masika ya Machi hadi Mei, na asubuhi za baridi za Julai hapa Arusha linakuwa gumu kama plastiki. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, lisugue kwa brashi, likauke. Likiendelea kuteleza, badilisha. Ni nafuu kuliko fimbo mpya na huleta tofauti kubwa.

Swali la vidole vipishane au vifungamane halina uzito unaopewa. Harry Vardon, aliyeshinda Open Championship mara 6 kati ya 1896 na 1914, alilaza kidole cha mwisho cha kulia juu ya vidole vya kushoto, na namna hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Jack Nicklaus na Tiger Woods, wenye mataji makubwa 18 na 15, wanafungamanisha. Watoto na wenye viganja vidogo wanaweza kuweka vidole vyote kumi kwenye raba. Chagua kinachoviunganisha viganja vyako bila kuuma.

Kama mpira wako ulikuwa ukipinda kulia na ukabadilisha mshiko wiki hii, tegemea mipira ya kwanza iende kushoto. Mwili wako umezoea kufidia uso uliokuwa wazi, na utaendelea kufidia kwa muda hata baada ya uso kunyooka. Watu wengi huacha hapohapo wakidhani wamedanganywa. Anza na fimbo fupi, kama namba 9, nusu ya swingi, mpira ukiwa juu ya tii (kijiti cha kuuinua), na kila mpira ushike upya kutoka kando ya paja. Usishike mara moja ukapiga kumi. Draiva iache mfukoni hadi namba 9 itakapoanza kunyooka bila wewe kuifikiria.